Filamu ikivuka Oraba, nani analipwa? Somo la mgomo wa Hollywood kwa Arua na Koboko

Barabara ya lami inayotoka Vurra, mpakani na Congo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Juu yake hupita unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, vitenge, samaki wakavu na simu. Mzigo halali una karatasi zake: ankara, cheti cha asili ya bidhaa, risiti ya ushuru. Lakini ipo bidhaa inayovuka bila karatasi yoyote, nayo ni filamu na nyimbo zilizomo ndani ya simu, flashi na memori kadi. Anayevuka nazo mfukoni haulizwi kitu kwenye forodha. Aliyeziandika naye, mara nyingi, hapati kitu.

Ndiyo sababu ugomvi uliotokea mbali, katika studio za Marekani, unafaa kutazamwa kwa makini na watu wa mpakani. Tarehe 2 Mei 2023 waandishi wapatao 11,500 wa filamu na vipindi vya televisheni vya Marekani, wanachama wa chama chao kiitwacho Writers Guild of America, waliweka kalamu chini. Waligoma kwa siku 148, hadi tarehe 27 Septemba. Katikati ya mgomo huo, Julai 14, waigizaji nao walijiunga kwa mgomo wao wenyewe, wakarudi kazini Novemba 9. Madai yalikuwa mengi, lakini kubwa lilikuwa moja: kazi inapoonyeshwa kwenye intaneti, mwandishi alipwe vipi?

Kuuza kwa jumla au mali kauli

Mfanyabiashara wa Arua anayepeleka bidhaa Ariwara anajua tofauti ya kuuza mzigo kwa bei ya jumla na kuutoa kwa mali kauli. Ukiuza kwa jumla unapokea fedha yako na habari inakwisha; mnunuzi akipata faida mara kumi, ni bahati yake. Ukitoa kwa mali kauli, fedha inakuja kadiri mzigo unavyouzwa, na mapato yako yanategemea jinsi bidhaa inavyopendwa.

Waandishi wa Marekani kwa miaka mingi walilipwa kwa njia zote mbili kwa pamoja. Kwanza walipewa malipo ya kuandika. Kisha, kipindi kiliporudiwa kwenye televisheni au kuuzwa nchi nyingine, walipata mrabaha wa marudio. Mrabaha huo ndio uliowalisha katika miezi ya kukosa kazi, maana kazi ya kuandika ina misimu kama kilimo.

Intaneti ilivuruga hesabu hiyo. Kipindi kilichowekwa Netflix au jukwaa jingine la namna hiyo hakirudiwi kwa saa maalumu. Kinakaa pale, na mtazamaji anakifungua apendapo. Kampuni zililipa mrabaha wa kiwango kilichopangwa kabla, ambacho hakikupanda hata kipindi kikipendwa dunia nzima. Aidha, idadi ya watazamaji ilibaki siri ya kampuni. Ni sawa na kutoa mzigo kwa mali kauli kwa mtu asiyekuonyesha daftari lake: atakachokuambia ndicho utakachoamini.

Makubaliano yaliyomaliza mgomo yaligusa mambo hayo mawili. Kipindi cha gharama kubwa kikitazamwa na asilimia 20 au zaidi ya wateja wa ndani ya Marekani katika siku 90 za kwanza, mwandishi anapata nyongeza. Mrabaha wa watazamaji wa nje ya Marekani nao uliongezwa. Na kampuni zilikubali kukipa chama, kwa masharti ya kutunza siri, takwimu za saa ambazo vipindi vimetazamwa. Waandishi walipata pia kinga dhidi ya kazi yao kuchukuliwa na akili mnemba. Walipopiga kura mwezi Oktoba, asilimia 99 waliunga mkono.

Kila chombo kipya, ugomvi mpya

Historia ya chama hicho inaonyesha mtindo unaojirudia. Mwaka 1960 waandishi waligoma kwa sababu filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya sinema zilianza kuonyeshwa kwenye televisheni bila wao kupata fungu. Mwaka 1985 ugomvi ulikuwa kanda za video za kutazama nyumbani. Mgomo ulidumu wiki mbili tu, na waandishi wakarudi na fungu dogo ambalo walilijutia kwa miaka mingi, kwani biashara ya kanda na baadaye DVD ilikuja kuwa kubwa mno. Tarehe 5 Novemba 2007 waligoma tena, safari hii kwa ajili ya intaneti, na mgomo ukadumu siku 100 hadi Februari 12, 2008.

Wakati huo kampuni zilidai kwamba intaneti bado ni changa na hakuna ajuaye kama italeta fedha. Netflix ilikuwa imeanza kuonyesha filamu kwa njia hiyo Januari 2007 tu. Waandishi hawakupata yote waliyotaka, lakini walipata jambo la msingi: mkataba ulitambua kwamba kazi ya intaneti ni kazi ya chama na ina malipo. Bila kipengele hicho, mwaka 2023 wasingekuwa na pa kuanzia.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwa sheria ya Marekani, mwandishi aliyeajiriwa na studio si mwenye hakimiliki ya alichoandika. Studio ndiyo mwenye mali. Mrabaha wake, kwa hiyo, hautokani na sheria ya hakimiliki; unatokana na mkataba wa chama, uliopatikana kwa migomo. Chama kikivunjika, mrabaha nao unakwenda.

Hapa, agomewe nani?

Ukiuleta mfano huo Arua unagonga ukuta mara moja. Mgomo unahitaji mwajiri anayeumia kazi ikisimama. Mwandishi wa filamu wa West Nile hana mwajiri wa namna hiyo. Filamu nyingi hutengenezwa kwa mtaji wa mtu mmoja au kikundi, waigizaji wakijitolea, na mwandishi akiwa ndiye mwongozaji, ndiye mshika kamera na ndiye muuzaji. Akigoma, amejigomea mwenyewe.

Mfano unaojulikana zaidi Uganda ni wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010 kwa fedha ndogo sana. Waigizaji wenyewe walizunguka mitaani wakiuza DVD, kwa haraka, kabla nakala za wizi hazijajaa sokoni. Filamu nzima ilipowekwa YouTube mwaka 2015 ilitazamwa na mamilioni ya watu duniani. Sifa ilikuwa kubwa, lakini sifa na malipo hupita njia tofauti.

Kampuni kubwa zinazonunua vipindi nazo hazina mizizi hapa. Amazon ilisitisha mwezi Januari 2024 uwekezaji wa filamu mpya za Afrika katika jukwaa lake la Prime Video. MultiChoice, yenye DStv na chaneli za Pearl Magic zinazoonyesha tamthilia za Uganda, iliingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa Septemba 2025. Mwandishi wa Kampala au Arua akisema hatauza mpaka alipwe mrabaha wa intaneti, mnunuzi anaweza kwenda Lagos au Johannesburg, au kufunga begi kabisa.

Sheria ya Uganda nayo haimsaidii asiyejua kusoma mkataba. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inasema kwamba mtu akitunga kazi akiwa ameajiriwa au ameagizwa na mwingine, hakimiliki inakuwa ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Mwandishi wa Koboko anayeandikia redio, shirika la misaada au mtayarishaji wa Kampala, akakubaliana kwa mdomo na kupokea fedha yake kwa simu, ameuza kwa jumla hata kama alidhani ametoa kwa mali kauli.

Njia ya Nairobi: asilimia ndani ya sheria

Kwa kuwa mgomo hauwezekani kirahisi, wasanii wa Afrika Mashariki wamechukua njia nyingine: kuibana serikali iandike mgawo katika sheria. Waliotangulia ni wanamuziki, na bidhaa yao ilikuwa wimbo unaomlaki mpigaji simu wakati anasubiri kupokelewa.

Kenya ilibadili sheria yake ya hakimiliki mwaka 2022. Katika mapato ya nyimbo hizo, msanii au mwenye haki anapata si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na wakala wa kati asilimia 8.5. Uganda ilifuata mwelekeo huo huo. Wanamuziki walipojipanga mwaka 2023 katika shirikisho la kitaifa linaloongozwa na Eddy Kenzo, marekebisho ya sheria ya hakimiliki yakawa dai lao kubwa. Muswada wa marekebisho wa mwaka 2025 ulipendekeza msanii apate asilimia 60, kampuni ya simu 31.5, na wakala 8.5.

Tarakimu hizo zina uzito. Zinamtoa msanii kwenye mazungumzo ya mtu mmoja na kampuni kubwa, na kumpa kiwango ambacho mwanasheria wa kampuni hawezi kukishusha. Lakini zina mipaka miwili inayopaswa kuonekana wazi.

Kwanza, zinahusu muziki wa kwenye simu. Mwandishi wa filamu au tamthilia inayotazamwa mtandaoni hana asilimia yake humo. Uganda ina mashirika matatu ya kukusanya mirabaha: UPRS ya muziki, iliyoanza mwaka 1985, URRO ya maandishi, na UFMI ya filamu. Kukusanya kwao kunategemea watumiaji wanaoonekana kwa macho: redio, hoteli, baa, mabasi, vibanda vya video. Jukwaa la filamu lenye makao California halina mlango wa kugongwa Arua.

Pili, asilimia 60 ya kitu kisichohesabiwa ni sifuri. Wimbo wa simu unahesabika kwa sababu kampuni ya simu inamkata mteja fedha kila mara. Filamu iliyomo kwenye memori kadi haimkati mtu.

Kadi isiyohesabika

Hapa ndipo West Nile inapotofautiana na Kampala. Bando la intaneti ni ghali kwa mtu wa kipato cha chini, na kodi zimeongeza uzito. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Mtu mwenye akili ya biashara hatazami filamu ya saa mbili kwa bando lake ikiwa jirani anayo tayari. Mmoja anapakua, kumi wananakili. Kibanda kinaonyesha, mwenye duka la simu anajaza kadi, na kadi inavuka mpaka.

Kwa YouTube, hayo yote ni mtazamo mmoja. Jukwaa hilo humlipa mtengenezaji aliyekidhi masharti yake asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonekana kwenye video zake ndefu. Lakini halijui kwamba filamu hiyo hiyo imeonyeshwa kwenye kibanda cha Koboko mbele ya watu hamsini, au inazunguka kambini kwa wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Waandishi wa Hollywood waligombana na kampuni iliyokuwa na hesabu na ikaificha. Tatizo la mwandishi wa hapa ni kwamba hesabu yenyewe haipo.

Na mpaka unaongeza fumbo. Kikakwa kinazungumzwa Uganda, Congo na Sudan Kusini. Karibu na Koboko ndiko nchi hizo tatu zinakokutana. Kilugbara kinazungumzwa Arua na ng'ambo ya pili, Congo. Filamu iliyoigizwa kwa Kikakwa ina soko la nchi tatu tangu siku inapomalizika, wakati filamu ya Kiluganda inaweza kuishi na soko la nchi moja. Kwa lugha ya biashara, mwandishi wa Koboko ni msafirishaji wa bidhaa nje kabla hajajua. Ila mashirika ya mirabaha yanaishia mpakani. UPRS na UFMI zinafanya kazi Uganda, SOCODA inafanya kazi Congo, na mgawo wa Kenya hauvuki Malaba bila makubaliano ya shirika kwa shirika.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Congo mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia ushirikiano katika haki za ubunifu. Wafanyabiashara wadogo wamefaidi utaratibu rahisi wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, ambapo cheti cha asili hutolewa pale pale mpakani. Hakuna utaratibu wa namna hiyo kwa mrabaha. Mwenye gunia la maharage ana cheti kinachotambulika nchi jirani. Mwenye filamu hana.

Mfanyabiashara ana hisa gani?

Kuna anayeweza kusema kwamba haya ni mambo ya wasanii, yawaache wauza simu na wenye vibanda wafanye kazi yao. Lakini serikali zisizoweza kuhesabu watazamaji huwa zinageukia vifaa. Tanzania ilianza mwaka 2023 kutoza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyoweza kurekodi na kutunza kazi za sanaa, fedha hizo zikikusudiwa kwa wabunifu. Mantiki yake inaeleweka: kama kadi itanunuliwa ili kujazwa nyimbo, basi bei yake ibebe kitu kidogo cha mwenye nyimbo.

Kwa muuzaji wa mpakani, tozo ya namna hiyo ina maswali yake. Ikiwekwa Uganda bila kuwekwa Congo, kadi zitanunuliwa Ariwara na kurudi Arua kwa njia za panya, na mwenye duka anayelipa kodi atashindwa bei na mchuuzi wa barabarani. Ikiwekwa nchi zote kwa viwango tofauti, matokeo ni yale yale. Na ikikusanywa Kampala kwa kadi zinazojazwa filamu za Kikakwa, je, mgawo utamfikia mtunzi wa Koboko au utabaki kwa wenye majina makubwa? Maswali hayo yanahitaji sauti ya wafanyabiashara mezani wakati kanuni zinaandikwa. Kulalamika baada ya ofisa kufika dukani ni kuchelewa.

Ipo pia njia isiyosubiri serikali. Mwenye duka anayejaza kadi na mwenye kibanda ndio wasambazaji halisi wa filamu za West Nile. Mtayarishaji anaweza kuwakabidhi nakala mpya kabla ya kuiweka mtandaoni, kwa mali kauli ya kweli: fungu la kila kadi iliyojazwa au kila onyesho, likilipwa kwa simu, kwa wiki chache za mwanzo ambazo filamu bado ni mpya. Msambazaji anapata kitu ambacho jirani yake hana. Mtunzi anapata hesabu, hata kama si kamili. Wizi hautakwisha. Ila wiki hizo za mwanzo ndizo zenye fedha, kama walivyojua wauza DVD wa Wakaliga.

Na kwa mwandishi mwenyewe, somo la Hollywood lenye manufaa ya haraka zaidi liko kwenye karatasi. Mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja nani mwenye hakimiliki, malipo ya kuandika ni kiasi gani, na fungu la mwandishi ni asilimia ngapi filamu ikiuzwa kwa televisheni, ikiwekwa mtandaoni au ikipelekwa nchi nyingine, unabadili kabisa jinsi sheria ya 2006 inavyomtazama. Gharama yake ni karatasi na mashahidi wawili. Mwaka 2007 waandishi wa Marekani walipigania intaneti wakati fedha yake ilikuwa bado ndogo, na kipengele kile kikaja kuwafaa miaka kumi na sita baadaye. Filamu za Arua na Koboko ziko katika hatua hiyo leo: mapato ni madogo, na huo ndio wakati ambao mtayarishaji na mwandishi wanaweza kukubaliana bila kugombana.

Yatakayobaki ni ya serikali na Jumuiya. Mashirika ya mirabaha ya Uganda, Congo na Kenya yakitiana saini ya kukusanyiana, kama benki zinavyopokeana hundi, filamu itakayoonyeshwa Ariwara itakuwa na pa kulipiwa. Mpaka hilo litokee, gari litaendelea kusimama Oraba, mzigo utakaguliwa gunia kwa gunia, na memori kadi iliyomo kwenye simu ya dereva itapita.